Mtoto mwenye apraksia hahitaji programu yako, anahitaji mtaalamu

Haya jamaa, leo nachokoza nyuki, na nyuki wenyewe ni sisi watu wa tarakilishi. Kama wewe ni mwandishi wa programu na umewahi kusimama mbele ya waamuzi wa hakathoni ukatangaza kwamba programu yako ya simu "itamfundisha mtoto kusema", vuta kiti tuongee. Kama wewe ni mzazi unayetafuta mtaalamu wa usemi, vuta kiti pia, maana sehemu ya mwisho ya makala haya ni yako.

Hoja yangu ni moja tu. Mtoto mwenye apraksia ya usemi anahitaji sikio la binadamu aliyesomea kazi hiyo, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi mingi. Uhaba tulio nao Kenya ni wa masikio hayo. Programu inayojifanya sikio haipunguzi uhaba huo. Inamchelewesha mtoto, na katika umri wake kuchelewa ni hasara kubwa.

Apraksia ni nini? Nitaieleza kwa lugha yetu. Fikiria printa. Waraka umeuandika vizuri, hauna kosa hata moja. Printa nayo ni nzima, wino upo, karatasi ipo. Lakini ile programu ndogo iliyo katikati, inayogeuza waraka kuwa maagizo ya printa, ina hitilafu. Unabofya, inatoka karatasi yenye vinyota na herufi za ajabu. Unabofya tena waraka uleule, zinatoka herufi za ajabu tofauti na zile za kwanza.

Ndivyo ilivyo apraksia ya usemi ya utotoni. Mtoto anajua anachotaka kusema. Ulimi wake haujapooza, midomo yake haina udhaifu. Tatizo liko pale ubongo unapopanga mfuatano wa miondoko: ulimi uende wapi, midomo ifunge lini, sauti ya koo ianze wakati gani. Leo "maji" inatoka "ba", kesho "mai", keshokutwa "aji". Chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, ASHA, kilitaja mwaka 2007 dalili tatu kuu: makosa yasiyo na mpangilio mtoto anaporudia neno lilelile, ugumu wa kuhama kutoka sauti moja au silabi moja kwenda nyingine, na kiimbo au mkazo usio mahali pake. Makadirio yanayotumika sana ni mtoto 1 au 2 kwa kila 1,000.

Nasisitiza jambo moja kabla sijaendelea. Hili si kosa la mama. Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakichunguza ukoo mmoja wa London, ambao karibu nusu ya watu wake katika vizazi vitatu walikuwa na tatizo hili, waligundua kasoro katika jeni inayoitwa FOXP2. Watoto wengi wenye apraksia hawana kasoro hiyo hasa, lakini ugunduzi ule ulionyesha tunazungumzia ubongo na maumbile. Kwa hiyo shangazi anayesema "hamumsemeshi mtoto" anyamaze. Anayesema "ulimi umefungwa, mpelekeni akakatwe" naye anyamaze. Anayetaka kimeo kikatwe anyamaze mara mbili, kwa sababu huyo anaongeza jeraha juu ya tatizo.

Naijua habari hii kwa karibu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Nakuru, ana apraksia. Alipokuwa na miaka miwili na nusu dada alimpeleka hospitali moja, akaambiwa wavulana huchelewa, angoje. Akangoja mwaka mzima. Mtoto alikuwa anaelewa kila kitu. Ukimtuma kiatu cha kushoto chumbani analeta cha kushoto, si cha kulia. Lakini akitaka maji alikuwa anakukokota mkono hadi jikoni, na usipomwelewa anajitupa sakafuni. Majirani wakaanza kumwita bubu.

Dada akaanza kutafuta mtaalamu. Kutafuta kwenyewe kulikuwa hivi: anampigia mwalimu, mwalimu anampa nambari ya mama fulani, mama fulani anamwingiza katika kundi la WhatsApp, kundi linampa nambari tatu. Ya kwanza imezimwa. Ya pili ni ya mtu anayetibu watu wazima waliopata kiharusi. Ya tatu ni ya mtaalamu wa kweli, wa watoto, lakini yuko Nairobi na nafasi itapatikana baada ya miezi minne. Kikao kimoja, shilingi 3,000. Ukihesabu vikao 3 kwa wiki ni shilingi 36,000 kwa mwezi, bila nauli ya kutoka Nakuru na kurudi, kilomita 160 hivi kila upande.

Sasa sikiliza. Katika kipindi hichohicho cha kungoja, watu wanne tofauti walimtumia dada yangu viungo vya programu za simu. Hakuna hata mmoja aliyemtumia jina la mtaalamu. Hapo ndipo nilipokasirika, na bado sijapoa.

Tuzichambue programu hizo kama watu wa kazi. Nyingi zinafanya jambo moja: zinaonyesha picha, zinatamka neno, zinamrekodi mtoto, halafu mashine inaamua kama amesema sawasawa. Kuna kasoro tatu, na hakuna ambayo utaiondoa kwa kupaka rangi nzuri kwenye vitufe.

Ya kwanza: mashine za kutambua usemi zimetengenezwa ili kusamehe. Ukisema "nitumie ela", mashine nzuri inaandika "nitumie hela". Inakisia ulichokusudia kutokana na maneno ya jirani na mazoea ya lugha. Kwa mtu anayeamrisha simu yake, hilo ni jambo jema. Kwa tiba ya apraksia ni sumu, kwa sababu kazi ya mtaalamu ni kulisikia lile kosa lenyewe: irabu imepinda kiasi gani, kituo kati ya silabi ni kirefu mno au la, jana alikosea vipi na leo vipi. Mashine inafuta ushahidi ambao mtaalamu anautafuta. Ukiizuia isisamehe, inaanza kukataa hata maneno yaliyotamkwa vizuri, kwa kuwa imefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima, na njia ya sauti ya mtoto ni fupi kuliko ya mtu mzima.

Ya pili ni lugha. Programu nyingi zimejengwa juu ya Kiingereza, ambako maneno kama "cat" na "dog" ni mafupi na huishia kwa konsonanti. Kiswahili hakiendi hivyo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, yana "mb", "nd" na "ng'", na hurefuka. Tena mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno likirefuka mkazo unahama: pika, pikia, pikiana. Kinywa cha mtoto mwenye apraksia kinalazimika kupanga upya kila mara. Nani amelipima jambo hili kwa watoto wetu? Wachache mno. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Gangji, Pascoe na Smouse, walichapisha utafiti wa awali wa usemi wa watoto 24 wa Dar es Salaam, wa kati ya miaka 3 na 5, wasio na tatizo lolote. Watoto 24! Na wewe unataka kuniambia programu uliyoiandika wikendi moja inajua matamshi ya mtoto wa miaka minne wa Nakuru yanavyopaswa kuwa?

Utaniambia akili bandia imekua, na data zipo. Zipo kiasi. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza dola milioni 3.4 za kukuza Kiswahili katika mradi wa Common Voice, na ni kazi ninayoiheshimu. Lakini hizo si sauti za watoto wadogo wenye apraksia. Sauti hizo utazipata wapi? Kwa watoto wenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla hujagusa data ya mtoto. Mzazi aliyekata tamaa atabofya "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Tumia uwezo huo kwa aibu kidogo.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Apraksia hutibiwa kwa mazoezi ya miondoko, kama mtu anavyojifunza kuogelea au kupiga gitaa. Mwondoko ukirudiwa unakolea, uwe sahihi au la. Mtaalamu anamzuia mtoto mapema, anapunguza kasi, anatamka pamoja naye, anamgusa kidevu, anamwonyesha midomo, kisha anaondoa msaada kidogo kidogo. Programu inamwachia aseme "aji" mara 50, kisha inarusha puto na kusema hongera. Mara 50 za kukoleza kosa! Usiniambie kwamba hata hiyo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mzazi ambaye hana kitu anaendelea kutafuta. Mzazi aliyepewa kitu cha uongo anatulia, na mwaka unapita.

Sasa, mimi si adui wa teknolojia. Ndiyo inayonilisha. Lakini tukumbuke historia yetu wenyewe. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kilichoibeba hadi vijijini hakikuwa uzuri wa menyu yake. Ni wakala. Ni yule mama mwenye kibanda, daftari na noti mkononi. Programu ilimuunganisha mtu na mtu. Ushahidi nayo, mwaka 2008, haikukisia ghasia zilikuwa wapi. Ilikusanya walichokiona watu na kukiweka kwenye ramani. Programu zetu zilizovuma zilimpa binadamu mkono mrefu zaidi. Mbona kwa watoto hawa tunataka kumwondoa binadamu?

Basi kama mikono inakuwasha kuandika programu, hizi hapa kazi nne za maana.

Orodha hai ya wataalamu. Namaanisha orodha inayosema huyu anatibu watoto, huyu watu wazima, yuko kaunti gani, anazungumza lugha gani, siku gani ana nafasi, anakubali vikao vya video au la, na anatoza kiasi gani. Itengenezwe pamoja na chama chao cha kitaaluma, na kila baada ya miezi mitatu mtu apige simu kuhakiki. Ifanye kazi hata kwenye simu ya mulika mwizi. Haina mvuto wa kushinda hakathoni, najua. Ingemwokolea dada yangu wiki sita.

Vikao vya video vilivyotengenezwa kwa ajili ya usemi. Inawezekana: mwaka 2016 watafiti wa Sydney walijaribu tiba iitwayo ReST kwa watoto 5 kupitia video, na watoto walipata maendeleo. Lakini kuna mambo ya kiufundi ambayo ni sisi tu tunaoweza kuyarekebisha. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha sauti za kati ya Hz 300 na 3,400, ilhali nguvu kubwa ya "s" iko juu ya Hz 4,000, ndiyo maana "s" na "f" hufanana simuni. Programu za mikutano nazo huchuja kelele, na kichujio mara nyingi hudhani "s" na "f" ni kelele, kinazikata. Kisha kuna ucheleweshaji: mtaalamu akitaka kutamka neno pamoja na mtoto kwa wakati mmoja, mtandao unawatenganisha, kwa hiyo mzazi aliye chumbani ndiye afundishwe kutamka pamoja naye. Mtu atengeneze programu inayotanguliza sauti kabla ya picha, isiyochuja chochote, inayorekodi upande wa mtoto kwa ubora kamili na kuutuma baadaye mtandao ukiimarika. Hiyo ni kazi ya heshima.

Daftari la mazoezi ya nyumbani linaloshikwa na mtaalamu. Yeye anachagua maneno matano ya wiki na kuyarekodi kwa sauti yake. Mzazi anafanya mazoezi na mtoto, anarekodi, inamfikia mtaalamu. Mashine isitoe maksi wala puto.

Ubao wa mawasiliano wa Kiswahili, wa bure, wenye picha na sauti za watoto wa hapa. Proloquo2Go ilipotoka mwaka 2009 ilileta sauti kwa watoto wengi, lakini bei yake ni karibu dola 250. Na ondoa hofu kwamba mtoto akipewa ubao ataacha kujaribu kusema. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 hayakuona usemi kushuka kwa sababu ya vifaa hivi, na wengi waliongeza maneno. Mtoto anayeweza kuomba maji kwa kidole hajitupi sakafuni.

Sasa upande wa mzazi. Anza na kipimo cha masikio, usiruke hatua hiyo, kwa kuwa asiyesikia vizuri hasemi vizuri. Pili, vituo vya serikali vya tathmini ya kielimu, EARC, vimekuwapo tangu 1984, na taasisi ya elimu maalum, KISE, ipo Kasarani. Hawatakuwa lazima ndio watakaomtibu, lakini watakupa mahali pa kuanzia na karatasi mkononi. Tatu, pitia chama cha wataalamu wa usemi na lugha wa Kenya, usitegemee tangazo la Facebook. Ukimpata mtu, muulize haya:

1. Ulisomea wapi tiba ya usemi na lugha, na umesajiliwa wapi? Semina ya siku tatu si shahada.

2. Umewahi kutibu apraksia, na kwa njia gani? Ukisikia DTTC, ReST au Nuffield, unaongea na mtu anayesoma. Mwenye ukweli atakuambia pia kwamba ushahidi bado ni mdogo: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalipata jaribio moja tu lililofikia vigezo vyao, lililolinganisha ReST na Nuffield.

3. Vikao vingapi kwa wiki? Katika jaribio lile watoto walipata kikao cha saa moja, mara 4 kwa wiki, kwa wiki 3. ASHA nayo ilitaja mara 3 hadi 5 kwa wiki kwa mtoto mwenye tatizo kubwa. Dakika 30 mara moja kwa mwezi ni salamu, si tiba.

4. Katika kikao kimoja mtoto atatamka maneno yake mara ngapi? Jibu liwe makumi kwa makumi. Kama atapuliza filimbi na mapovu muda wote, ondoka. Kupuliza hufundisha kupuliza.

5. Utatumia lugha gani? Anayekuambia uache Kiswahili au lugha ya nyumbani ili mtoto apone kwa Kiingereza hana msingi. Lugha mbili hazileti apraksia.

6. Mimi nitafanya nini nyumbani, na tutajuaje baada ya miezi mitatu kama anasonga mbele?

Na anayekuahidi kwamba baada ya wiki kadhaa mtoto ataongea kama redio, mpe mkono, mwage, usirudi.

Kama vikao vya kutosha havipatikani, omba vifupi vya mara kwa mara badala ya kimoja kirefu, uliza kama baadhi vinaweza kuwa vya video, na uombe uwemo chumbani ujifunze. Ni afadhali dakika 10 kila jioni za maneno aliyochagua mtaalamu kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Nimewachapa watu wa tarakilishi, nisiwasahau watu wa serikali. Katiba ya 2010 ina kifungu cha 54 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na tangu 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti 47. Muulize mwakilishi wa wadi yako swali moja: hospitali ya rufaa ya kaunti yetu imeajiri wataalamu wangapi wa usemi? Si mashine ngapi, si vyumba vingapi. Watu wangapi. Jirani zetu Uganda walianza shahada ya fani hii Makerere mwaka 2008, kwa hiyo kufundisha watu hawa hapa Afrika Mashariki si ndoto. Lakini kijana hatasomea kazi ambayo kaunti haina nafasi yake kwenye bajeti. Uhaba huu umepangwa na watu, na watu wanaweza kuupangua.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitano. Anapata kikao kimoja ana kwa ana na viwili kwa video kila wiki, na dada yangu amejua kumshika kidevu vizuri kuliko wengi. Maneno yake yanaongezeka polepole. Hayakuletwa na programu yoyote. Yaliletwa na mtaalamu mmoja mwenye subira, na mama aliyekataa kuambiwa angoje.

Kwa hiyo ukikutana na mzazi wa namna hii, usimtumie kiungo cha programu. Mtumie jina la mtu, nambari inayopokelewa, na siku ambayo mtu huyo ana nafasi. Kama huna, tafuta hadi uwe nalo. Huo ndio msaada.